Siku ya Mpaka: Jinsi Familia Inavyoweza Kuwarithisha Watoto Shamba na Imani kwa Pamoja

Mithali 22:28 ni mstari mfupi: usiondoe alama ya mpaka wa zamani, uliowekwa na baba zako. Wahubiri wengi huuchukua kama fumbo, wakasema mpaka ni mafundisho ya kanisa au maadili ya wazee. Hawajakosea. Lakini mstari huu ulianza na jiwe shambani, na huku kwetu kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kuanzia Ganda, Kakuyuni, Goshi, Jilore hadi Marafa, jiwe hilo bado watu wanaligombania. Mzazi hawezi kumfundisha mtoto mpaka wa imani huku kila masika anasogeza ua wa minyaa upande wa jirani.

Kuna sababu nyingine ya kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Kitabu cha Yoshua, kuanzia sura ya 13 hadi ya 19, karibu chote ni mipaka: mto huu, mlima ule, kabila hili hadi wapi. Ardhi iligawiwa kwa uangalifu mkubwa. Kisha fungua Waamuzi 2:10, baada tu ya kizazi cha Yoshua kuzikwa, usome habari za kizazi kingine ambacho hakikumjua Bwana wala kazi aliyowatendea Israeli. Shamba walipokea. Imani haikuwafikia.

Basi mwongozo huu ni wa siku moja ya familia: asubuhi mnatembea mpaka na wazee, watoto na majirani, mchana mnapokezana imani. Ni wa familia za Kikristo za Malindi na Magarini, wenye hati na wasio na hati.

Wiki ya maandalizi: someni kwanza

Chagueni jioni kadhaa za ibada ya nyumbani kabla ya siku yenyewe. Msianze na kugawana. Anzeni na Mambo ya Walawi 25:23, ambapo Mungu anasema nchi ni yake, na watu wake ni wageni na wapitaji kwake. Neno hilo likishaingia masikioni, hata sauti za ndugu hushuka kidogo.

Jioni nyingine someni Kumbukumbu la Torati 19:14 na 27:17. Katika sura ya 27 Walawi wanatangaza laana kwa sauti kuu na watu wote wanaitikia Amina. Angalieni dhambi zilizotajwa humo: sanamu iliyowekwa kwa siri, kipofu aliyepotezwa njia, mtu aliyepigwa kwa siri. Nyingi ni dhambi ambazo jirani hawezi kuzithibitisha. Kusogeza mpaka kumewekwa katika kundi hilo. Anayeng'oa bikoni, ile alama ya mpima kwenye pembe ya shamba, usiku anajua hakuna aliyemwona, ndiyo maana Torati ilimtaka aitikie Amina mchana, mbele ya watu, kabla hajafika shambani.

Kisha Mithali 23:10-11. Pale mpaka unatajwa pamoja na mashamba ya yatima, na tunaambiwa mkombozi wao ni mwenye nguvu. Mithali 15:25 inamtaja mjane. Mstari wa mpaka katika Biblia unasimama upande wa asiye na mtetezi, na ni vizuri watoto wakaujua hivyo tangu mwanzo, kwa sababu huku pwani unaweza kutumiwa kinyume kabisa. Nitarudi hapo.

Jioni ya mwisho someni 1 Wafalme 21, sura nzima, bila kuruka.

Mlindeni mzee anayejua mpaka

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa kwa sababu haionekani kama kazi ya shamba.

Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka liwe bustani ya mboga. Alitoa bei nzuri, hata shamba bora zaidi badala yake. Nabothi akajibu kwamba Bwana apishe mbali, hawezi kumpa urithi wa baba zake. Tunajua Yezebeli alifanya nini. Hakutuma askari wakamnyang'anye. Aliandika barua, akatangaza mfungo, akawaketisha watu wawili wasiofaa wamshuhudie Nabothi kwamba amemlaani Mungu na mfalme. Alipigwa mawe kama mkosaji wa dini. Ahabu akateremka kulimiliki shamba.

Soma habari hiyo ukiwa Kilifi na huhitaji mfasiri. Katika kaunti yetu wazee wameuawa, na wengine wamekimbia boma zao, kwa kusingiziwa uchawi. Na mara nyingi sana, ukifuatilia neno limeanzia wapi, unakuta ekari za shamba na kijana mwenye mnunuzi tayari. Mvi zinageuzwa kuwa ushahidi. Mtoto akiugua homa, nyanya yake anatajwa. Ni barua ya Yezebeli ileile: hila ya shamba iliyovishwa nguo ya dini.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya mpaka, familia ikae na kusema waziwazi, vijana wakiwapo: katika nyumba hii hakuna mzee atakayeitwa mchawi, wala hakuna atakayekwenda kwa mganga kutafuta jina la mtu. Mchungaji au mzee wa kanisa awepo. Kama tayari kuna mnong'ono juu ya babu au shangazi fulani, mwiteni mzee wa kijiji na chifu mapema, na mzee huyo asiachwe kulala peke yake. Mwambieni pia kwamba mnamhitaji. Anajua mwembe upi ulipandwa na nani, nani aliazimwa sehemu ya kulima na hakuirudisha, kaburi lipi halina msalaba. Mambo hayo hayamo katika ramani yoyote ya serikali.

Kaeni naye jioni moja au mbili mkimsikiliza. Simu ya mjukuu irekodi sauti. Msimkatize akianza na habari za njaa na za mafuriko ya mto Sabaki. Wazee wengi hukumbuka mpaka kwa kupitia matukio, na ukimlazimisha aende moja kwa moja kwenye mstari, ataupoteza.

Karatasi

Hapa nitapita haraka. Kama shamba lina hati miliki, fanyeni sachi, yaani ukaguzi wa rejista, katika ofisi ya ardhi inayoshika faili lenu, mwone jina lililoandikwa, ukubwa, na kama kuna mkopo au zuio. Ombeni nakala ya ramani ya eneo. Kwa mashamba mengi yaliyosajiliwa Kenya, ramani hiyo huonyesha mpaka kwa makadirio tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema hivyo yenyewe. Ndiyo maana ua, miti na kumbukumbu ya majirani bado vina uzito.

Kama jina ni la babu aliyefariki, shamba hilo bado halijawa la mtu yeyote kuliuza. Anayeuza kipande kabla ya mirathi kupitia mahakamani anavunja Sheria ya Mirathi, hata kama ni kifungua mimba. Andikeni orodha ya warithi wote, walio hai na waliokufa wakaacha watoto, kisha mwanzishe mirathi.

Na wasio na hati? Huku kwetu ni wengi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani: mwenye dai aliandikishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi, wenyeji wa pwani hii, hawakuandikisha. Hadi leo kuna familia zinazolima na kuzika mahali ambapo hati yake iko kwa mtu wasiyemjua kwa sura. Mtu anaweza kuwasomea familia hiyo Mithali 22:28 akiwaambia wahame, na ndipo ninaposema mstari umetumiwa kinyume. Nabii Isaya, katika 5:8, anawalilia ole wale wanaounga shamba na shamba mpaka wengine wakose mahali. Mstari wa mpaka hausomwi bila ole hiyo.

Lakini upande wa pili nao usemwe. Anayeishi kwenye ardhi isiyo na hati hana ruhusa ya kuikata na kuiuza kwa wageni watatu tofauti kwa karatasi za kuandikiana dukani. Fanyeni siku ya mpaka kama wengine. Andikeni mmeishi hapo tangu lini, makaburi ya nani yako wapi, minazi na mikorosho ipi ilipandwa na nani. Siku ya upimaji au ya kesi, hicho ndicho mtakachokuwa nacho mkononi.

Kuchagua siku na watu

Agosti baada ya mahindi kuvunwa ni wakati mzuri: shule zimefungwa, na mtu anaona anakokanyaga. Desemba pia inafaa, kwa kuwa walio Mombasa na Nairobi hurudi, ila vuli ikiwa nzito nyasi hufunika kila kitu. Epukeni asubuhi ya Jumapili, na kama majirani ni Waislamu epukeni Ijumaa. Jirani Mwislamu aalikwe kwa heshima ile ile, aelezwe nia. Katika dini yake kuna onyo kali juu ya mtu anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma. Mtaelewana haraka kuliko mnavyodhani.

Waalikeni majirani wa pande zote, hata yule mliyenuniana. Mwaliko upelekwe na mtu mzima kwa miguu, usiwe ujumbe wa simu. Mzee wa kijiji awe shahidi. Mabinti wote wawepo, walioolewa na wasioolewa.

Juu ya mabinti nisieleweke vibaya: si suala la kuwakaribisha kwa chai. Katika Hesabu 27 Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti wa Selofehadi, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kuwa hakuwa na mwana. Musa alipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema wamenena haki. Sheria ya Kenya nayo, pale mzazi asipoacha wosia, haimbagui mtoto wa kike. Binti akitembea mpaka mbele ya majirani, siku nyingine hakuna ndugu atakayesema hakumjua kama mmoja wa warithi.

Asubuhi: kutembea

Anzeni mapema kabla ya jua kupanda. Viatu vilivyofunika vidole, panga moja tu la kufungulia njia, na libebwe na mtu mtulivu. Maji ya kunywa, daftari, kalamu, simu yenye chaji. Watoto waonywe juu ya minyaa: ukiikata inatoa maziwa meupe, na tone likiingia jichoni huunguza vibaya sana. Likiingia, osheni kwa maji mengi na mwende hospitali, msingoje lipoe.

Ombeni kwa ufupi, kisha mzee atangulie. Kila pembe msimame. Mpangilio ambao nimeuona ukifanya kazi ni huu: mzee wa familia asiseme kwanza “mpaka wetu ni huu.” Aanze kwa kumuuliza jirani.

“Mzee mwenzangu, mimi nilivyoonyeshwa na marehemu baba, mstari unatoka kwenye mkorosho huu hadi bikoni ya kule barabarani. Wewe ulionyeshwaje?”

“Ni hivyo hivyo. Ila mkorosho wenyewe ni wetu sote. Marehemu walikuwa wakigawana korosho.”

Hilo la korosho lisingepatikana popote pengine. Liandikwe. Katika pwani yetu miti na ardhi huweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu anaweza kuwa na minazi katika shamba la mwingine, au mgema akawa na makubaliano ya zamani ya kugema. Ukiandika mpaka bila miti umeandika nusu.

Watoto wasifuate nyuma kama wasindikizaji. Kila pembe apewe mtoto mmoja aisimamie, aiguse alama kwa mkono, aseme kwa sauti hapa ni wapi na upande wa pili ni wa nani. Picha ipigwe akiwa amesimama hapo na mzee na jirani. Mtoto wa darasa la tatu aliyeshika bikoni yenye kutu akasoma namba yake hasahau.

Kagueni ua. Minyaa hupandwa kwa vipande na hushika haraka, hivyo mtu akipanda mstari mpya hatua moja ndani ya shamba la mwenzake, baada ya misimu michache unaonekana kama wa tangu zamani. Simameni pembeni mtazame kwa jicho moja: mstari wa zamani huwa na mashina manene, yenye makovu ya mapanga. Penye mashina membamba yaliyojikunja kuelekea upande mmoja, ulizeni kwa upole.

Kipande kisichokubaliwa, kiacheni na alama ya kuuliza daftarini, mwendelee. Msijaribu kumaliza ugomvi wa miaka jua likiwa utosini.

Mkigundua mpaka umesogea

Kama nyinyi ndio mliosogeza, au baba yenu ndiye aliyesogeza, rudisheni. Mambo ya Walawi 6 inamtaka aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alijifunga kurudisha mara nne. Anzeni angalau na kitu chenyewe. Mwiteni jirani, mng'oe ua mchana pamoja naye, mkubaliane juu ya mazao yaliyomo hadi yavunwe, muandikiane. Mtoto akimwona baba yake akirudisha hatua tatu za ardhi ambazo hakuna mahakama iliyomlazimisha, amepokea fundisho la imani ambalo hakuna mahubiri yatakayomfikishia.

Kama jirani ndiye aliyesogeza, Mathayo 18:15 inakuanzisha kwake wewe na yeye peke yenu. Ikishindikana, mchukue mmoja au wawili, kisha mzee wa kijiji na chifu. Kwa ardhi iliyosajiliwa, anayeamua mpaka uko wapi ni msajili wa ardhi: mnamwandikia, mpima anakuja na ramani, pande zote zinaitwa zisikilizwe. Mahakama haipokei kesi ya mpaka wa ardhi ya namna hiyo kabla msajili hajaamua, kwa hiyo anayewaambia mkimbilie wakili kwanza anawamalizia fedha bure. Kuharibu au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai. Msing'oe wala msipande chochote usiku, hata kama haki ni yenu.

Mchana: imani

Baada ya chakula kaeni chini ya mti mmoja. Someni Yoshua 4. Mawe 12 yalitolewa Yordani ili watoto watakapouliza maana yake, baba zao waeleze. Jiwe halijielezi. Watoto wetu wanaufahamu Mnara wa Vasco da Gama pale ufukweni, kumbukumbu ya safari yake ya 1498. Wengi wamepiga picha hapo, na wachache wanaweza kukuambia uliwekwa kwa nia gani. Hali hiyo hiyo inaweza kuupata msalaba wa kaburi la nyanya yako.

Kila mzee aeleze mambo matatu kwa maneno yake. Imani iliingiaje katika nyumba hii: nani alibatizwa wa kwanza, alipata upinzani gani, aliacha nini? Mungu alimtendea nini ambacho yeye mwenyewe alikiona? Na ni jambo gani hataki wajukuu walirudie? Lile la tatu ndilo gumu na lina faida sana. Zaburi 78 inawaambia Israeli wasiwafiche watoto matendo ya Bwana, na zaburi hiyo hiyo inasimulia uasi wa baba bila kuupamba.

Wanawake wapewe nafasi ya kwanza. Paulo alipotaja imani ya Timotheo, katika 2 Timotheo 1:5, aliitafuta kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike.

Halafu zungumzeni juu ya mipaka ya imani yenyewe. Hatuwezi kuiruka sisi watu wa Malindi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, wengi wao wafuasi wa mhubiri mmoja waliofunga hadi kufa, na watoto wakiwamo. Waliondoka majumbani, wengine wakiwa wameuza mali. Watoto wenu waambiwe waziwazi, na iandikwe daftarini: hakuna mhubiri mwenye mamlaka ya kumnyima mtoto chakula, shule au hospitali. Hakuna neno la Mungu linalomtaka mtu akate mawasiliano na ndugu zake na kuhamia porini. Anayetaka kuuza shamba la familia ili atoe sadaka aje kwanza kwenye kikao. Mtoto aliyesikia Biblia ikisomwa na nyanya yake, kwa sauti yenye upendo, ana kipimo cha kumpimia mgeni.

Malizeni kwa wazee kuwawekea watoto mikono na kuwaombea kwa majina, mmoja mmoja. Msiwaombee kwa jumla.

Kuandika na kuhifadhi

Jioni hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika, nakilini daftari vizuri: tarehe, waliohudhuria, kila pembe na alama yake, miti ya ubia, makaburi, mahali penye swali, na muhtasari wa maneno ya wazee. Wote waweke sahihi au dole gumba, majirani na mzee wa kijiji wakiwamo. Karatasi hii haibadilishi hati wala haichukui nafasi ya mirathi, ila ni ushahidi mzuri wa makubaliano.

Mzee aliye tayari aandike wosia. Ule wa maandishi unahitaji mashahidi wawili wanaomwona akitia sahihi, na ni salama mashahidi wasiwe warithi. Wosia wa mdomo, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, hufanya kazi tu iwapo mzee atafariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Kwa hiyo yale maneno ya “mzee alisema pale chini ya mwembe miaka kumi iliyopita” hayatawafikisha mbali mahakamani.

Nakala ziwe angalau nne: moja kwa mzee, moja kwa mtoto wa kiume, moja kwa binti, moja kwa mchungaji. Picha na sauti zitumwe kwenye simu za ndugu wote, maana simu moja ikiibwa Mtwapa, zote zimepotea. Nakala ya binti isichukuliwe hata akiolewa mbali. Na kila Agosti pembe zikaguliwe, na mtoto aliyepewa pembe yake ndiye aende kuangalia kama bikoni ingalipo.